Trekta kuukuu lilikula Sh370,000 zangu, na sijuti

Mpenzi msomaji, hebu tembea kwa fikira hadi nyumbani kwenu mashambani. Nyuma ya ghala la mahindi, au chini ya mti fulani, bila shaka kuna chombo kimoja kikuukuu ambacho hakuna anayekitumia na hakuna anayethubutu kukitupa. Huenda ni cherehani ya nyanya iliyokwama, redio kubwa ya mbao iliyonyamaza zamani, baiskeli isiyo na mnyororo au pikapu iliyokalia mawe badala ya magurudumu. Kila Krismasi familia inapokutana, hapakosi mmoja wa kusema kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na hapakosi mwingine wa kununa akisikia hivyo.

Kwetu sisi chombo hicho kilikuwa trekta. Leo linanguruma, linalima na linavuta mahindi hadi barabarani. Kulifufua kulichukua miezi 17 na pesa ambazo mwandishi wa makala kama mimi haziokoti njiani. Wanaoniona nikipita madukani katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mkoba begani, nikiulizia vipuri vya trekta la mwaka wa 1962, huniuliza maswali mawili tu. Ilikugharimu pesa ngapi? Na umepata faida gani? La kwanza nitakujibu kwa tarakimu. La pili litahitaji subira kidogo.

Lilivyofika chini ya mwavokado

Mwaka wa 1966, akiwa kijana wa miaka 20, babangu alipata kazi katika shamba la mlowezi mmoja karibu na Kitale. Alianza kwa kujaza mbegu katika mashine ya kupandia, kisha akafundishwa kuendesha trekta. Hizo zilikuwa siku za mabadiliko katika Trans Nzoia. Mbegu ya mahindi ya mseto, H611, ilikuwa imetolewa mwaka wa 1964, na mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa yakigawanywa na kununuliwa na Waafrika. Mwajiri wake alipoondoka mwaka wa 1974 aliuza vifaa vyake kwa mnada. Baba na wenzake wawili wakachanga akiba zao na kununua trekta dogo jekundu aina ya Massey Ferguson 35, ambalo tayari lilikuwa limefanya kazi miaka 12. Miaka mitano baadaye aliwalipa wenzake mafungu yao, likawa lake peke yake.

Trekta hilo ndilo lililolipa karo. Kaka zangu wawili na dada yangu walimaliza sekondari kwa pesa za kuwalimia majirani. Mimi, kitinda mimba, nilikuwa na umri wa miaka 10 mnamo 1998 injini ilipogonga kwa kishindo katikati ya shamba la jirani na kunyamaza. Siku hiyo aliyekuwa usukanini ni kaka yangu mkubwa, wakati huo kijana wa miaka 19. Baba alimlaumu mbele ya watu kwamba alilima bila kuangalia oili. Kaka akaapa kwamba aliiangalia asubuhi. Hakuna aliyemwamini. Ng'ombe wanane walilivuta trekta hadi chini ya mwavokado nyuma ya jikoni, na kaka hakukalia tena kiti cha trekta lolote.

Likakaa hapo miaka 24. Kuku walitaga kwenye kiti chake. Nyuki walihamia katika sanduku la spana. Matairi yalipasuka kwa jua, na mzizi wa mwavokado ukaanza kulikumbatia gurudumu moja la mbele.

Mwishoni mwa 2021 kaka alimleta mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Mnunuzi alilipima kwa macho, akataja Sh45,000. Kaka hakuwa na nia mbaya. Mwanawe alikuwa akihitaji karo ya chuo, na chuma kinachooza chini ya mti hakimsomeshi mtu. Baba hakukubali wala hakukataa. Aliinuka tu, akachukua kigoda chake, akaenda kuketi karibu na trekta akiwa ametupa mgongo.

Walikubaliana mnunuzi arudi na lori mwishoni mwa Januari. Kumbe Januari hiyo ya 2022 serikali ilikuwa ipige marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kote nchini, kufuatia uharibifu wa milingoti ya umeme na miundomsingi mingine. Lori halikuja. Marufuku hiyo iliondolewa Mei mwaka huo huo, lakini kufikia wakati huo nilikuwa nimekwisha kutoa Sh45,000 zangu kwa karo ya mpwa wangu na kuomba trekta libaki.

"Dada, wewe umeolewa," kaka akaniambia. "Utalifanyia nini? Utalipandisha ngazi hadi orofa ya tatu huko Nairobi?"

Nikamjibu kwamba trekta ni la Mzee na litabaki kwa Mzee. Tukawekeana sharti mbele ya wazazi: ikiwa kufikia mwisho wa 2023 halijalima hata ekari moja, mnunuzi aitwe na mimi nisiseme neno. Baba Watoto naye alinipa sharti lake, maana pesa tulizokuwa tukiweka zilikuwa za kujengea. Alininunulia daftari gumu lenye jalada jeusi, akasema kila shilingi iandikwe humo. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ukoo wa trekta hili

Kabla sijakupeleka kwenye grisi, msomaji, nikujulishe kidogo asili ya mashine hii. Utaona kwa nini haikuwa wazimu kuifufua.

Ubunifu wake ulitoka katika kichwa cha Harry Ferguson, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka wa 1884 katika eneo la Down, kaskazini mwa Ireland. Alikuwa mtu wa mashine tangu ujana. Mnamo Desemba 31, 1909 alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka kwa ndege nchini Ireland.

Kabla ya Ferguson, trekta lilivuta plau jinsi ng'ombe anavyovuta mkokoteni. Plau ikinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na mara nyingine trekta likapinduka na kumwangukia dereva. Ferguson aliishikiza plau kwa mikono mitatu nyuma ya trekta, na akatumia nguvu za haidroliki kuiinua na kuishusha. Udongo ukiwa mgumu, mtambo huhisi plau imelemewa na kuiinua kidogo, huku uzito ukiyakandamiza magurudumu ardhini badala ya kuinua pua. Hivyo trekta jepesi likaweza kufanya kazi ya trekta zito. Ukitazama nyuma ya karibu kila trekta la leo, liwe la kampuni gani, utaiona mikono hiyo mitatu.

Mwaka wa 1938 Ferguson alipeana mkono na Henry Ford wa Marekani, wakashirikiana bila kuandikiana. Mambo yakaishia kortini, na mwaka wa 1952 Ferguson akalipwa dola milioni 9.25. Hapo, msomaji, pokea funzo la bure: hata mabwanyenye heri waandikiane. Kati ya 1946 na 1956 zaidi ya matrekta 500,000 ya rangi ya kijivu, aina ya TE20, yaliundwa katika kiwanda cha Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza. Edmund Hillary alitumia matrekta ya Ferguson kufika Ncha ya Kusini ya dunia mnamo Januari 4, 1958.

Kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris ya Canada mwaka wa 1953, na miaka mitano baadaye jina likafupishwa likawa Massey Ferguson. MF 35 ni la zama hizo: boneti nyekundu, mwili wa kijivu. La baba lina injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5, gia sita za kwenda mbele na mbili za kurudi nyuma. Kiwanda cha Banner Lane kiliacha kuunda matrekta mwishoni mwa 2002, lakini ukoo haukufa. MF 135 lililolifuata lilitumia injini ya jamii hiyo hiyo, na viwanda vya India na Pakistan viliendelea kwa miaka mingi kuunda matrekta ya ukoo huu. Ndiyo sababu si vigumu kupata pistoni ya trekta la 1962 jijini Nairobi, ilhali kipuri cha runinga uliyonunua juzi kinaweza kukosekana.

Tulichokikuta ndani

Tulianza Aprili 2022. Fundi tuliyempata Kitale ni mzee wa makamo aliyekulia chini ya matrekta ya Massey. Alilizunguka mara mbili, akagonga hapa na pale kwa spana, akasema: "Mama, hili halijafa. Limelala." Akakadiria Sh150,000 na miezi miwili. Miezi miwili! Mafundi na washonaji nguo, sijui walisomea hesabu shule gani.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya kuwahamisha nyuki, kukata mzizi wa mwavokado na kufungua nati zilizoshikana kwa kutu. Kila kilichofunguliwa kiliwekwa ndani ya mkebe wa maziwa wenye karatasi ya jina. Pistoni zilikuwa zimeganda. Fundi akamimina ndani ya silinda dizeli iliyochanganywa na oili, akasema tusubiri. Nilikwenda Nairobi nikarudi, kilomita 380 hivi kila upande, na siku ya tisa ndipo injini ikakubali kuzunguka kwa nguvu za watu wawili na bomba refu la chuma.

Jumamosi moja asubuhi fundi alilala chali chini ya injini ili amwage oili kuukuu. Baba alikuwa ameketi kando kwenye kigoda chake. Fundi akaomba karai. Tukampa. Akafungua kizibo, na oili nyeusi, nzito kama uji wa wimbi, ikaanza kuteremka. Ikateremka na kuteremka. Karai likakaribia kujaa, akaomba sufuria kuukuu.

Hakuna aliyekuwa amekifungua kizibo hicho tangu 1998. Oili aliyokuwa akitafuta Mzee ilikuwa humo siku zote.

Fundi alipofungua upande wa mbele wa injini tuliona kilichotokea. Gia ndogo inayozungusha pampu ya oili ilikuwa imepoteza meno. Oili ilikuwa imejaa chini, lakini hapakuwa na cha kuipandisha juu. Beringi za krenkishafti zikakauka, chuma kikasagana na chuma, na pistoni ya pili ikapasuka. Mshale wa kupimia nguvu ya oili ulikuwa umeharibika miaka mingi kabla, kwa hiyo dereva hakuwa na njia ya kujua. Angekaa baba mwenyewe kwenye kiti kile, yangetokea hayo hayo.

Baba aliichukua gia ile, akaipangusa kwa kanzi ya shati lake, akaigeuza-geuza. Kisha akaniomba nimpigie kaka simu aje. Kaka alifika jioni akidhani kuna ugonjwa. Baba alimwonyesha sufuria na karai, akamwekea ile gia mkononi, akasema, "Mwanangu, oili ilikuwapo. Uliniambia, nami sikukusikia."

Kaka hakujibu. Aliitazama gia muda mrefu, akavua koti, akamuuliza fundi spana ya kufungulia rejeta iko wapi. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja.

Sasa daftari

Naam, pesa. Baba Watoto ameniruhusu nizitangaze, na ninanakili kutoka daftari lile jeusi.

Injini ndiyo iliyokula zaidi. Pistoni, ringi, silivu, beringi, gasketi na pampu ya oili zilikuwa Sh48,000. Kukereza krenkishafti mjini Eldoret kulikuwa Sh9,000, na kusawazisha kichwa cha injini pamoja na vali Sh7,500. Ujira wa fundi kwa injini peke yake ulikuwa Sh35,000. Pampu ya dizeli na nozeli zake, ambazo hutengenezwa na fundi maalumu mwenye mashine ya kuzipimia, zilichukua Sh26,000.

Matairi yalifuata. Mawili ya nyuma niliyanunua yakiwa yametumika, Sh22,000 kila moja, na mawili ya mbele nikanunua mapya, Sh9,500 kila moja. Jumla ni Sh63,000. Klachi ilikuwa Sh24,000, haidroliki Sh18,500, na rejeta Sh11,000. Betri, stata, dinamo, nyaya na taa zilikuwa Sh28,500. Usukani na ekseli ya mbele vilichukua Sh13,000. Kunyoosha mabati na kupaka rangi kulikuwa Sh27,000. Oili, chujio na grisi zilikuwa Sh16,500. Nauli zangu pamoja na vifurushi vilivyosafirishwa kwa basi vilifika Sh31,000.

Kuna Sh12,000 ambazo huniuma nikizikumbuka hadi leo. Duka moja lilituuzia ringi za pistoni zilizofungwa katika pakiti yenye chapa nzuri na muhuri wa kung'aa. Injini ilipowaka mara ya kwanza, Agosti 2023, ilitoa moshi wa samawati na kunywa oili kama ngamia. Tukaifungua tena. Ringi zilikuwa bandia, laini kiasi kwamba fundi alizikwaruza kwa msumari. Mwenye duka alisema vitu vikishatumika havirudishwi. Tukanunua nyingine kwingineko pamoja na gasketi mpya, na hizo ndizo Sh12,000.

Jumlisha yote, msomaji, na utapata Sh370,000. Chakula cha mafundi sikukihesabu kwa sababu ugali na mboga vilitoka shambani na Mama hakunitoza. Zile Sh45,000 za mpwa wangu pia sizihesabu, kwani karo haijawahi kuwa gharama ya trekta.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Hakuna siku hata moja niliyotoa Sh100,000 kwa mpigo. Zilitoka Sh5,000 leo, Sh8,000 mwezi ujao, na kila mara nilijiambia kwamba hii ndiyo ya mwisho. Mara mbili kazi ilisimama kwa miezi mitatu kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu. Baba Watoto hakunigombeza, ila wakati mwingine alilifungua daftari, akalisoma kimya kimya, akalifunga. Ningependelea anigombeze.

Raha ambayo haimo daftarini

Kazi yangu ni ya maneno. Ninaandika makala, mhariri anaikata, Jumapili inasomwa na Jumatatu inafungiwa nyama. Sikuwa nimewahi kushika kitu kilichoharibika kwa mikono yangu na kukiona kikirudi kuwa kizima. Kuna furaha katika kukaza nati hadi unapohisi kwenye kiwiko kwamba sasa imetosha. Kuna furaha katika kusugua bati lenye kutu na kuona herufi za jina zikijitokeza moja baada ya nyingine.

Watoto wangu walipata masomo yao. Trekta hili ni la Uingereza ya zamani, na spana zake hupimwa kwa inchi. Mwanangu wa darasa la tano, aliyekuwa akilia kila alipopewa hesabu za sehemu, alijua kufikia Desemba kwamba 9/16 ni kubwa kuliko 1/2 na ni ndogo kuliko 5/8, kwa sababu ukimpa babu spana isiyofaa utarudishwa nayo. Mwalimu wake aliniuliza nilimpeleka kwa nani kwa masomo ya ziada.

Nami nilipata baba nisiyemjua. Nilizoea kumwona mzee mnyamavu wa magoti mabovu, ambaye ukimpigia simu hukupa Mama haraka. Kando ya injini ile alizungumza. Alinieleza jinsi alivyolima usiku kwa taa moja ili mvua isimkute, na jinsi wenzake wawili walivyolia siku alipowalipa mafungu yao kwa sababu walilipenda trekta kuliko pesa. Alinifundisha kuweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, usikie ni silinda ipi inayogonga. Masikio yake ni mazito sasa, lakini kupitia bisibisi anasikia kuliko fundi.

Septemba 2023, ringi halisi zikiwa ndani, tulikuwa tayari tena. Kwanza tukatoa hewa. Injini ya dizeli haiwaki ikiwa kuna mapovu njiani, kwa hiyo fundi alilegeza skrubu moja baada ya nyingine huku kaka akipiga pampu ya mkono, hadi dizeli ikatoka safi. Kisha kijiti cha gia kubwa na ndogo kikawekwa kwenye herufi S, la sivyo stata haisikii. Tukamwomba baba apande. Akakataa kwa kichwa, akanionyesha kiti kwa mkono.

"Panda, mama," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mamake. "Wewe ndiwe uliyelingojea."

Nikazungusha. Lilikohoa mara moja, mara mbili, moshi mweusi ukapanda hadi kwenye matawi ya mwavokado, na injini ikashika. Kuku wakatawanyika. Mama akapiga vigelegele akiwa na mwiko mkononi. Moshi ukageuka mwembamba, kisha ukawa karibu hauonekani. Baba aliweka kiganja kwenye boneti na kukiacha hapo mpaka joto likamshinda.

Je, linalipa?

Nitakujibu bila kukuficha. Msimu wa kulima wa mapema 2024 kaka aliwalimia majirani ekari 22 kwa Sh3,500 kila ekari, zikawa Sh77,000. Dizeli ilichukua Sh26,400, na yeye kama dereva alilipwa Sh500 kwa ekari, yaani Sh11,000. Zilibaki Sh39,600. Ekari sita za nyumbani zililimwa bila kulipa mtu. Kwa mwendo huo nitahitaji zaidi ya misimu tisa kurudisha pesa zangu, na hapo trekta lisidai hata kipuri kimoja. Mtu mmoja kutoka upande wa Cherang'any alilitazama, akalizunguka, akasema atatoa Sh300,000 taslimu. Ningekubali, ningekuwa nimepoteza Sh70,000.

Kwa hiyo kama unatafuta biashara, nunua ng'ombe wa maziwa. Atakayekuambia kufufua mashine kuukuu ni njia ya kutajirika, huenda ana mashine anayotaka kukuuzia.

Ikiwa umeshawishika

Najua hata hivyo kwamba kati yenu kuna mmoja ambaye moyo wake umekwisha kufika chini ya mti wa kwao. Kwake ninayo haya machache.

Kwanza, tafuta logibuku kabla ya kutafuta spana. Ya baba ilikuwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Kutumia pesa kwa mashine ambayo umiliki wake una utata ni kununua kesi. Pili, hakikisha vipuri vinapatikana. Trekta ambalo ndugu zake wamejaa nchini ni jambo jingine kabisa na lile lisilojulikana na fundi yeyote. Tatu, chukua makadirio ya fundi na uyazidishe mara mbili na nusu. Usipokuwa na pesa hizo, au subira ya kuzikusanya, liache lipumzike.

Nne, usianze na rangi. Rangi hupendeza kwenye picha, lakini injini ndiyo inayoamua kama una trekta au sanamu. Tano, unaponunua kipuri, nenda na fundi na ubebe kile kikuukuu ukilinganishe kwa jicho na kwa uzito. Sita, na hili lisikuponyoke: matrekta ya zamani hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka. Usiwabebe watoto juu ya madigadi, hata wakilia, na usilime mteremko mkali.

Saba, washirikishe wa nyumbani tangu mwanzo, hasa yule aliyetaka kiuzwe. Mara nyingi ana sababu yake ambayo hamjaisikia. Wahenga walituonya tusitupe mbacha kwa msala upitao, nasi hudhani walikuwa wakisema juu ya vitu tu.

Ikiwa mwenye chombo hicho angali hai, mpigie simu leo. Muulize alikinunua kwa nani, kwa pesa ngapi, na kiliharibika vipi. Usikubali akupe Mama haraka.